Wote Wakisema Ndiyo, Stefa Wolanyk Husema Hapana

Leo Ijumaa, tarehe 28 Februari, Bi. Stefa Wolanyk, fundi na mwalimu wa Benchi la Malango katika Kituo cha Ufundi cha Selby, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza kazi majira ya baridi na anaondoka majira ya baridi, na kati ya hapo sikumbuki kikao cha wafanyakazi alichohudhuria akakosa jambo la kukataa. Baada ya chakula, kama ilivyo desturi yetu, mkurugenzi atasimama na kuuliza ukumbi kama tunamruhusu mstaafu aende, nasi tutajibu kwa pamoja. Naomba mkumbuke swali hilo. Nitalirudia mwishoni.

Ofisi iliniomba nusu ukurasa. "Kitu cha furaha, Odile, na kiwe kifupi," alisema mkurugenzi wetu, Bi. Kerri Maddock. Cha furaha nitajitahidi. Kifupi sitaki. Nusu ukurasa ni kipimo cha tangazo la paka aliyepotea, na Stefa hajapotea. Tunajua anakoishi na tunajua kwa nini anaondoka. Umri umefika, magoti yamechoka, na ngazi za kushukia kwenye chumba chake hazina huruma. Mimi ni mwalimu wa mbao. Karakana yangu imepakana na yake na ukuta kati yetu ni mwembamba. Ninayoyaandika nimeyaona, na ambayo sikuyaona niliyasikia kupitia ukutani.

Kwa ambao hawajawahi kushuka huko: watu huunda roboti ndogo za kutembea, saizi ya sahani ya supu, zisizo na kompyuta ndani. Stefa huziita kobe. Kobe wake ana mota mbili, betri, macho ya kuona mwanga na chipu chache za malango. Lango ni kijisakiti kinachopokea ndiyo au hapana na kutoa ndiyo au hapana, basi. Hakuna programu wala skrini. Ukitaka kobe ageuke akigonga ukuta, unakaa chini, unafikiri ndiyo ipi ikutane na hapana ipi, kisha unalehemu nyaya zako. Delphine Spence, dereva wa basi la shule ambaye huja kila Alhamisi jioni na hajawahi kukosa hata kukiwa na tufani ya theluji, alimweleza mgeni mmoja hivi: "Hapa, ndugu yangu, hakuna kitufe cha kufuta. Ukikosea unanusa moshi."

Sheria ya kwanza ya chumba hicho ni bomba. Majira ya baridi ya mji wetu wa Winnipeg hukausha hewa mpaka mbao zangu zinapasuka zenyewe, na mtu aliyevaa sufu akitembea juu ya zulia hubeba umeme mwilini bila kujua. Cheche ndogo ambayo hata kidole hakiihisi inatosha kuua chipu. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote mezani unagusa bomba la joto, lile la maji ya moto ya kupasha chumba, lililo kando ya mlango, umeme uende zake ardhini. "Gusa bomba" ndiyo salamu ya Stefa. Habari za asubuhi huja baadaye, kama zitakuja. Diwani mmoja alipotembelea kituo na kumnyooshea mkono, Stefa aliuacha mkono hewani. "Bomba kwanza, mheshimiwa. Mambo ya kura baadaye." Mheshimiwa akagusa. Bomba lenyewe lilipakwa rangi ya kijani kabla mimi sijafika hapa, na pale mahali pa kugusa rangi imekwisha kabisa, chuma kinang'aa.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe ndiye mfumaji hodari wa masweta ya sufu katika mtaa wetu. Huyatundika msumarini nje ya mlango na kuingia kazini na shati la pamba, anatetemeka, na ole wako umwambie anatetemeka.

Hakuja kwetu akiwa mwalimu. Alitoka karakana ya ishara za reli, alikotengeneza masanduku yanayoziambia treni zipite au zisimame. Huko ndiko alikolipenda lile lango moja ambalo limemfuata maisha yake yote. Lina masikio mawili na mdomo mmoja. Hata sikio moja likisikia hapana, mdomo husema ndiyo. Masikio yote mawili yakisikia ndiyo, mdomo husema hapana. Wanafunzi wapya hudhani lango hilo ni kaidi tu, halina maana. Stefa huwaeleza kwa treni: njia mbili zinakutana, dereva wa huku anasema ndiyo, napita, na dereva wa kule anasema ndiyo, napita. "Sasa hapo, mpenzi wangu, ungetaka nani awe ndani ya sanduku?" huwauliza. "Mtu mpole?"

Na lango hilo hilo, ukilipanga na wenzake namna mbalimbali, linatosha kuunda malango mengine yote. Linaweza kukumbuka, linaweza kuhesabu, linaweza kumfanya kobe amkwepe paka. Kwa sababu hiyo Stefa hakuwahi kuagiza chipu ya aina nyingine. Muuzaji aliyemletea katalogi ya chipu za kisasa alirudi nayo. "Asante, kaka," alimwambia. "Mimi nina hapana yangu, inanitosha."

Karakana ya reli ilifungwa, kazi ikahamishiwa kwenye kompyuta za mji mwingine. Stefa husimulia jambo hilo mara chache na kwa ufupi. Waliitwa ukumbini, wakapewa keki, wakaelezwa kwa maneno matamu, wakaulizwa kama wanakubali, na wote wakainua mikono. Naye aliinua. "Nilikuwa na keki mdomoni, Odile," aliniambia siku moja akiwa anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Mtu mwenye keki mdomoni hawezi kusema hapana." Tangu siku ile hajala keki kikaoni, na mnaomjua mnajua anavyoipenda keki.

Basi akaja Selby, na katika kikao chake cha kwanza, mikono yote ilipopanda kukubali jambo ambalo hata silikumbuki, yeye akasema hapana. Mkurugenzi wa wakati huo akamuuliza sababu. Akajibu kwamba sababu ndiyo anayoitafuta, kwa kuwa haijatajwa na mtu. Ikawa hivyo kikao baada ya kikao. Mikono yote ikipanda, Stefa anakataa, na mtu analazimika kueleza kwa nini tunataka tunachokitaka. Akisimama mtu peke yake kupinga, Stefa huyo huyo humwambia, "Ndiyo, endelea, nakusikia." Tulimkasirikia. Tulimwita majina. Mara nyingine alikosea, nami nimo miongoni mwa waliolipia makosa hayo: aliikatalia mashine yangu ya kufyonza vumbi, nikapiga chafya msimu mzima, na nikahakikisha kila chafya anaisikia kupitia ukutani. Lakini taratibu kituo kikazoea, na zoea likawa kanuni: jambo la kubadili chumba chochote likipata hapana moja yenye sababu, linasubiri msimu mwingine. Hata wageni wakiuliza huambiwa hiyo ndiyo inayoitwa lango la Stefa.

Siwezi kumwandika Stefa bila kumwandika Arno Thiessen, mwalimu wa programu, mtoto wa wakulima wa kusini mwa mkoa, mwenye sauti ya mwimbaji wa kwaya na subira ya fundi saa. Hao wawili wamegombana kwa miaka mingi na ugomvi wao umenipa burudani kuliko redio. Arno hufundishia kompyuta katika kile chumba cha stoo upande wa kaskazini, ambako wanafunzi huandika programu wakiwa wamevaa makoti. Chumba cha Stefa kina bomba la joto. Mnaona mwanzo wa fitina.

"Stefa, hivyo vitu vyako babu yangu angevitambua," Arno alizoea kumwambia akipita.

"Babu yako alikuwa mtu wa maana. Wewe umeme ukikatika unabaki na nini? Kioo cha kujitazamia kidevu."

Kulikuwa na kobe mmoja aliyemfuata Arno. Wakipita watu wengine, kobe anatulia. Akipita Arno, kobe anageuka na kumwendea miguuni. Arno aliamini kabisa kwamba Stefa amemtengenezea mzaha. Alilalamika ofisini. Stefa akampindua kobe, akakagua chipu mguu kwa mguu, akaona sikio moja la lango moja halikufungwa popote. Sikio la namna hiyo halisikii ndiyo wala hapana ya mtu maalumu. Linasikia chochote kinachopita karibu, na siku zile kilichopita karibu ni sweta kubwa la Arno lililojaa umeme. "Hakupendi wala hakuchukii," Stefa alimwambia. "Ni sikio limeachwa wazi." Ndiyo sheria ya pili ya chumba: funga kila sikio. Nimekutana na wanadamu wengi wanaohitaji sheria hiyo, baadhi yao wana ofisi zenye zulia.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa gwaride la kobe katika maonesho yetu ya majira ya baridi. Arno aliunda kobe wanaotii kompyuta moja: inatuma amri, wote wanawasha taa na kugeuka kwa pamoja. Stefa aliunda kobe wasiotii mtu. Kila mmoja hutazama taa ya jirani wa kushoto na ya jirani wa kulia. Ikiwa imewaka ya jirani mmoja tu, naye anawasha yake; zikiwaka zote mbili au zikizimika zote mbili, anazima. Hakuna anayejua gwaride zima lilivyo. Niseme kweli ili Arno asinizomee: maonesho ya kwanza, kobe wa Arno walipendeza zaidi, na wa Stefa walikimbilia mezani kwa maandazi. Maonesho yaliyofuata kompyuta ya Arno ilipata baridi ikagoma, na kobe wake wote wakalala kwa pamoja kama walivyofanya kila kitu kwa pamoja. Upande wa Stefa kobe mmoja alikufa katikati ya mstari. Waliobaki waliendelea, nakshi ikapinda kidogo pale kwa marehemu, ikasonga mbele.

"Bahati," alisema Arno.

"Jirani," alisema Stefa.

Wale ambao hawakuwahi kushika chuma cha kulehemia walilielewa jambo hilo kwa kofia. Stefa hupanga watu kwenye viti mstari mmoja, kila mtu na kofia yake ya sufu mkononi, na kuwapa sheria ile ile ya kobe: tazama majirani wawili, akiwa mmoja tu amevaa, vaa, vinginevyo vua. Anaanza kwa kumvika mtu mmoja wa katikati. Halafu anapiga makofi, watu wanavaa na kuvua, na yeye kila duru anaifuma kuwa mstari mmoja wa skafu: fundo jeusi kwa mwenye kofia, fundo jeupe kwa asiye nayo. Watu wanacheka tu na kuvurugana nywele. Baadaye wanaonyeshwa skafu, na wanaona pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu, nakshi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiifikiria. Nimewaona watu wazima wakiishika skafu hiyo na kuhesabu mafundo kwa kidole. Nami niliishika hivyo mara ya kwanza.

Skafu atakayovishwa leo tumeifuma sisi, kila mmoja mistari yake, kwa sheria hiyo. Arno alikosea fundo moja. Fundo moja tu, lakini kwa kuwa kila mstari hutazama ulioutangulia, kosa limeshuka likipanuka na kuzaa pembetatu yake lenyewe mpaka kwenye pindo. Delphine alitaka kufumua. Tulimzuia. Stefa ataliona kabla hajamaliza kuivaa, na tunataka kusikia atakachosema.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nusu ukurasa usingeitosha, na labda ndiyo sababu niliombwa nusu ukurasa.

Mwezi Januari Bi. Maddock alimwita Stefa ofisini na kumweleza mpango. Mfadhili amejitolea kutupa skrini mpya. Stefa akishastaafu, Benchi la Malango litavunjwa, chumba kipewe skrini na programu, na kobe wachache wawekwe kwenye kabati la vioo pale mlangoni, chini ya kibao cha shaba chenye jina lake. Bi. Maddock si mtu mbaya. Aliamini anatoa heshima. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, nami nilikuwa nje nikirekebisha bawaba yake. Kazi ni kazi.

"Kabati la vioo," alisema Stefa. "Pale karibu na vikombe vya wale wanaoshindana kutelezesha mawe juu ya barafu."

"Ni mahali pa heshima, Stefa. Kila anayeingia atakuona."

"Kerri, mimi bado napumua. Na watu wangu wa Alhamisi utawaweka kabati gani?"

"Watajifunza programu. Ndiko dunia inakoenda."

"Wajifunze, nani kakataza? Lakini wakiondoka hapa nani atajua kuuliza ndani ya hicho kitu kuna nini? Hapana."

"Tutalipeleka kikaoni," alisema Bi. Maddock, kwa upole.

Kikao kikapangwa Jumanne ya wiki hii, wiki ambayo Stefa alikuwa anamalizia likizo yake kwa binti yake huko Dauphin. Sisemi tarehe ilichaguliwa makusudi. Nasema ilichaguliwa. Nilimfuata Stefa siku anaondoka, akiwa anafunga vifaa vyake kimoja kimoja kwenye taulo, nikamwambia akate likizo, arudi siku hiyo, aseme neno lake moja.

"Sirudi," alisema.

"Wote watainua mikono, Stefa. Unawajua. Watavunja benchi."

"Ndiyo, nawajua." Alikunja taulo la mwisho. "Miaka yote hii, kama lango lilikuwa ni mimi tu, basi sikujenga kitu. Nilikuwa bibi mmoja mbishi kwenye kiti. Wacha tuone."

Nilikasirika. Nilirudi karakanani nikapiga randa ubao ambao haukuwa na kosa lolote.

Jumanne tukaingia kikaoni, na kitu cha kwanza nilichoona mezani ni keki, ile ya chokoleti na karameli ambayo mji huu haufanyi sherehe bila hiyo. Nikakumbuka ile keki ya reli. Sisi walimu wa mkataba hatuna mkono kikaoni, tuna viti tu vya ukutani. Mdomo ninao, ila nilikwishaonywa mlangoni kwamba ajenda ni ndefu. Bi. Maddock alieleza vizuri. Alionyesha picha za skrini, akasema chumba chenye joto hatimaye kitapata wanafunzi wengi, akamtaja Stefa kwa maneno mazuri, akapigiwa makofi. Kisha akauliza wanaokubali.

Mikono yote ikapanda. Ya mapokezi, ya mfinyanzi, ya mhasibu, ya walimu wote wa kudumu. Na wa Arno Thiessen, ambaye ndiye angehama kutoka kwenye stoo yake ya baridi, ulipanda haraka kuliko yote.

Halafu hakuna aliyeshusha. Ndicho kitu ninachotaka Stefa akijue. Tumezoea miaka yote kwamba mikono ikishapanda tunangoja sauti moja, na Jumanne, kwa mazoea, tuliingoja. Bi. Maddock mwenyewe alikuwa ameshika kalamu hewani, macho kwenye kile kiti kisicho na mtu. Uma wa mtu ukagonga sahani.

Arno akashusha mkono wake. Akasukuma kiti nyuma, akazunguka meza taratibu, akaenda mpaka ukutani lilipo bomba la joto la ule ukumbi, akaligusa kwa kiganja. Sijui kama alikusudia au mkono ulijiendea wenyewe. Akageuka.

"Hapana," alisema.

"Samahani?" aliuliza Bi. Maddock.

"Nimesema hapana, Kerri."

"Arno, chumba ni chako wewe. Skrini ni zako."

"Najua. Ndiyo maana umeona mkono ulivyokimbia."

"Kanuni inataka sababu."

"Sababu ni kwamba hakuna aliyeuliza sababu." Akanyoosha kidole kwenye sahani mezani. "Nyinyi mmeinua, mimi nimeinua, keki inaisha. Hakuna aliyeuliza Delphine na wenzake waende wapi Alhamisi. Hakuna aliyeuliza nani atawafundisha watoto wangu nini kiko chini ya programu, maana mimi siwezi, sijui, wakitaka kujua huwa nawapeleka chini kwa Stefa. Miaka yote nawapeleka na kumtukana njiani. Yeye angeuliza, hayupo. Basi nauliza mimi."

Nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi. Mfinyanzi akamtazama Arno, akamtazama wa mapokezi, akashusha mkono. Wa mapokezi akamtazama mfinyanzi, akashusha wake. Mhasibu alibaki na mkono juu peke yake kwa muda, mpaka akagundua yuko peke yake. Bi. Maddock aliweka kalamu chini, akajikuna shingo, na kwa heshima yake niandike alichosema: "Haya. Lango limejibu. Tutalijadili vuli, na safari hii mje na sababu, pande zote." Kisha akaenda akajikatia keki, na nadhani alijisikia nafuu.

Niliwahi kwenye simu ya korido, nikampigia Stefa huko Dauphin.

"Benchi limebaki," nilimwambia. "Mtu amesema hapana."

"Nani?"

"Arno."

"Arno yupi?"

"Tuna Arno wangapi, Stefa?"

"Aligusa bomba?"

"Aligusa."

Nikasikia mtu anapenga kamasi mbali na simu. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Mwambie kulehemu kwake ni kubaya," alisema. "Mwambie aanze Alhamisi, mapema. Delphine atamwonyesha."

Jana ilikuwa Alhamisi. Arno alishuka na miwani ya kusomea, akatundika sweta lake msumarini, akagusa bomba, akakaa kwenye benchi mkabala na dereva wa basi la shule aliyemweleza mambo kama anavyomweleza mtoto aliyesahau begi. Kabla ya kwenda nyumbani alikuwa na kobe wake wa kwanza asiye na kompyuta. Kobe akawa anazunguka kila mara mtu akikohoa. Alikuwa ameacha sikio wazi. Niliwasikia wakicheka kupitia ukutani, nikazima msumeno ili nisikie vizuri.

Kwa hiyo hatuna kabati la vioo la kukuonyesha leo, Stefa. Kibao cha shaba kilishachongwa jina lako, nami nimekiomba. Nitakipigilia chini ya msumari wako wa masweta, mahali kinapoweza kufanya kazi ya kuwaonyesha watu pa kutundika sufu zao. Vuli tutakuwa na mabishano makali na ninayasubiri kwa hamu. Tukishindwa, tutashindwa tukiwa tumeulizana.

Asante kwa malango, kwa kofia, kwa kutukera. Asante kwa kila mwanafunzi wangu aliyetoroka mbao akaja kwako na kurudi na vidole vilivyoungua na swali jipya. Tunakutakia siku njema na ndefu, magoti yanayotii, na wajukuu ambao, kwa kuwa kwa lugha ya kwenu bibi huitwa Baba, wataendelea kunichanganya kila wakipiga simu kituoni kumtafuta Baba aliyevaa gauni. Leo kula keki. Hiki si kikao.

Na muda si mrefu Bi. Maddock atasimama na kutuuliza kama tunakuruhusu uende. Wote tutasema ndiyo, kila mmoja wetu, kwa sauti, bila hata mmoja kubaki nyuma. Wewe mwenyewe unajua lango likisikia hivyo hujibu nini.

Odile Lavallée, karakana ya mbao